Ng'ombe Hali Asilimia

Wa kwanza kunyonyoka alikuwa punda. Shungi la mkia alilopungia nzi lilipukutika, kisha zikafuata nywele za shingoni, zikitoka fungu kwa fungu kila kamba ya madumu ya maji ilipomgusa. Mwenye punda akasema huo ni ukurutu. Akanunua dawa ya kuogesha, akamwogesha Jumamosi mbili mfululizo, na punda akazidi kuwa kipara. Alichunguzwa masikio, kwato na mgongo. Hakuna aliyeuliza anakula nini.

Mwenye punda tumwite Mwalimu. Nimemtunga mimi, kwa hiyo msomaji asihangaike kumtafuta Muheza wala Korogwe. Yaliyowapata wanyama wake sikuyatunga. Dalili zote hizo zimo katika maandiko ya wataalamu wa mifugo tangu zamani, na zinaweza kumfika yeyote anayefuga ndani ya banda kwa kukata majani na kuyaleta horini.

Mwalimu alifundisha hisabati sekondari mpaka alipostaafu. Kiinua mgongo chake alikigawa: sehemu ikaezeka nyumba, sehemu ikanunua mitamba miwili chotara na punda wa kubeba maji na majani. Akajenga banda zuri lenye sakafu ya zege, kibao cha majina ya ng'ombe na daftari la maziwa. Mwanzoni alilisha kama majirani: matete, pumba za mahindi, na mashudu ya alizeti wakati wa kukamua. Mitamba ikazaa, maziwa yakapatikana, na kila mtu akamsifu. Kilichomkosesha usingizi ni mashudu. Kiangazi kilipofika bei ilipanda, na mara nyingine hayakupatikana hata kwa mwenye fedha mkononi.

Ndipo alipokwenda kwenye mafunzo ya wafugaji ya siku moja. Mengi yalisemwa siku hiyo, ila yeye alirudi na sentensi moja aliyoipigia mistari miwili chini kwa rula: lusina, protini asilimia 25.

Sifa hiyo si ya uongo. Lusina ni mti wa Meksiko na Amerika ya Kati. Wahispania waliuvusha Pasifiki hadi Ufilipino, kutoka huko ukaenea nchi zote za joto, na mwaka 1977 Chuo cha Taifa cha Sayansi cha Marekani kilitoa kitabu kizima cha kuutangaza kama mti wa malisho wenye matumaini makubwa. Miaka ile watu waliuita mti wa miujiza. Hurutubisha udongo, hukatwa ukachipua tena, hutoa kuni, na mizizi yake huenda chini sana, hivyo wakati wa ukame unabaki kijani huku matete yamegeuka mabua. Na tofauti hiyo ni ya maana sana. Nyasi zikikauka protini yake hushuka hata chini ya asilimia 7, na hapo vijidudu vinavyosaga chakula katika tumbo la kucheua hufa njaa. Ng'ombe anakuwa na tumbo lililojaa na bado anakonda. Kikapu cha majani ya lusina juu ya matete makavu huviamsha vijidudu hivyo. Kule Mtwapa, pwani ya Kenya, watafiti wa mifugo waliwapa ng'ombe chotara matete pamoja na lusina, na maziwa yakaongezeka. Angalia vizuri: matete pamoja na lusina.

Mwalimu alichora jedwali. Mashudu ya alizeti, kama yalivyouzwa kwao, asilimia 25. Lusina, asilimia 25. Mashudu, bei hii. Lusina, bure, kwa kuwa imejiotea yenyewe kando ya barabara na kwenye mpaka wa shamba. Hata mwanafunzi wa darasa la tano angejua jibu. Akaacha kununua mashudu. Kila ng'ombe aliyekuwa akipewa kilo 3 za mashudu akapewa kilo 3 za majani mabichi ya lusina, yaliyopimwa kwa mizani.

Maziwa yakapungua. Mtu mwingine angesita, lakini Mwalimu alikuwa na imani na tarakimu zake, akaona labda kipimo ni kidogo. Akapandisha hadi kilo 8. Maziwa yakarudi kidogo, naye akasema, si mnaona? Akapandisha tena. Kiangazi kilivyokaza na matete yakaisha, hori lote likawa lusina asubuhi na jioni. Kijana wake wa kazi aliagizwa asilete matawi mazee. Alete vichipukizi vya nchani, laini, vyenye rangi ya kijani mpauko, kwa sababu huko ndiko protini ilikojaa. Hilo nalo ni kweli. Mabaki ya horini aliyapeleka kwa punda, maana nyumba ya mwalimu haitupi chakula.

Jirani yake, mzee mmoja mwenye mbuzi wengi, alipita siku moja akachungulia bandani.

"Mwalimu, hawa wako wanakula jani moja tu?"

"Babu, hili jani moja lina kila kitu."

"Haya," mzee akasema. "Wangu hata ukiwapeleka kwenye hiyo lusina wanadonoa, wanaondoka. Mimi nadhani wana ulafi wa kuonja onja."

Baada ya punda, ng'ombe mkubwa akaanza kutoa mate mengi. Nywele za ncha ya mkia zikalegea. Akawa anasimama mbele ya hori, anakula kidogo, anageuka. Mwalimu akamnunulia dawa ya minyoo. Ng'ombe wa pili alikuwa na mimba kubwa, na huyo hakuonyesha jambo ila kupoa na kukonda. Akazaa kabla ya alfajiri. Ndama alitoka mdogo, dhaifu, hakuweza kusimama kunyonya, na shingoni chini ya taya alikuwa na uvimbe pande zote mbili. Hakumaliza siku ya pili.

Bwana mifugo wa kata aliitwa, akaja kwa pikipiki.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Umenikuta na msiba wa ndama."

"Pole sana. Naomba nimwone kabla hamjamfukia."

Kijana huyo alikuwa amefundishwa na Mwalimu miaka ile, na hofu ya chaki ilikuwa haijamtoka. Akachuchumaa, akaipapasa shingo ya ndama, akanyamaza. Akaenda kwa ng'ombe, akavuta nywele za mkia, zikabaki mkononi. Akamtazama punda.

"Mama yake huyu ndama anakula nini?"

"Lusina."

"Na nini kingine?"

"Mwanangu, ni asilimia 25 ile."

Bwana mifugo akainama kidogo, kama anayetafuta namna ya kusema bila kukosa adabu. "Mwalimu, wewe ndiye uliyetukata alama kila tulipoandika jibu bila kizio. Naomba nikuulize: asilimia 25 ya nini?"

Swali hilo lilikuwa na majibu mawili, na Mwalimu hakuwa na hata moja.

La kwanza ni jepesi, nalo huwapotosha wengi. Asilimia za vyakula vya mifugo huhesabiwa katika chakula kilichokaushwa, maji yote yakiwa yametoka. Mashudu yanakaribia kuwa makavu tayari. Jani bichi la lusina sehemu kubwa ni maji. Katika kilo moja, kitu kikavu ni gramu 300 hivi. Basi kilo 3 za mashudu zilimpa ng'ombe protini karibu gramu 700, na kilo 3 za majani mabichi zilimpa gramu 225 tu. Maziwa yalipungua kwa sababu hiyo, na kupungua kwake ndiko kulikomsukuma Mwalimu aongeze majani, na kuongeza majani ndiko kulikoleta maafa. Tarakimu moja isiyo na kizio ilimtoa kwenye kipimo salama, ikampeleka kwenye sumu, naye njia nzima akidhani anarekebisha hesabu.

Jibu la pili ni gumu zaidi. Mwaka 1883 mkemia wa Denmaki, Johan Kjeldahl, aliyekuwa katika maabara ya kiwanda cha bia cha Carlsberg mjini Copenhagen, alibuni njia ya kupima naitrojeni katika nafaka. Kwa kuwa protini kwa wastani ina naitrojeni asilimia 16, ukiipata naitrojeni ukaizidisha kwa 6.25 unapata makadirio ya protini. Njia hiyo ni rahisi, na mpaka leo ndiyo msingi wa tarakimu nyingi unazoziona kwenye mifuko ya chakula cha mifugo. Lakini maabara hupima naitrojeni, haipimi protini. Chochote chenye naitrojeni kikiingia humo huhesabiwa kuwa chakula. Dunia ililiona hilo kwa uchungu mwaka 2008, wakati wafanyabiashara wa China walipotia melamini, kemikali yenye naitrojeni tele, katika maziwa yaliyotiwa maji ili kipimo kionyeshe protini ya kutosha. Watoto wachanga karibu laki tatu waliugua na wengine wakafa.

Katika lusina hakuna mtu aliyeghushi. Mti wenyewe hutengeneza kitu kiitwacho mimosini, kilichopewa jina la mimosa, yaani jamii ya kifauongo, kile kimmea kinachojikunja ukikigusa. Mimosini ni asidi-amino, ndugu wa zile zinazojenga protini, na ina naitrojeni ndani yake. Kwa hiyo ile asilimia 25 iliyopigiwa mistari miwili katika daftari la Mwalimu, sehemu yake ilikuwa sumu. Imehesabiwa humo kihalali kabisa, kwa kanuni ya maabara. Na vichipukizi laini alivyovichagua kwa makini ndivyo vyenye mimosini nyingi kuliko majani yaliyokomaa.

Mimosini huzuia seli za mzizi wa nywele zisigawanyike. Nguvu yake ni kubwa kiasi kwamba watafiti wa Australia waliwahi kuijaribu kama njia ya kuwanyoa kondoo sufi bila mkasi. Farasi na punda huipata ikiwa kamili, kwa maana hawacheui. Chakula chao kinafika kwenye vijidudu vya utumbo mpana baada ya mimosini kuwa imekwisha kuingia damuni. Katika visiwa vya Bahama farasi walioachiwa kula majani ya mti huu walijulikana kwa kupoteza nywele za mkia na shingo tangu karne ya 19. Nguruwe na sungura nao wamo katika kundi hilo hilo. Kuku huvumilia kidogo sana: unga wa majani usiozidi kama asilimia 5 ya chakula chake hupendezesha kiini cha yai kikawa cha njano nzuri, ukizidi hapo ukuaji na utagaji hushuka.

Kwa ng'ombe habari ni tofauti. Tumbo lake la kucheua huivunja mimosini upesi, ikawa kitu kingine ambacho wataalamu hukiita kwa herufi DHP. Hiki hakidhuru nywele kama mimosini. Kinakwenda kwenye tezi la shingo na kulizuia lisitumie madini joto. Tezi linavimba, mnyama anapoteza hamu ya kula, na ndama aliye tumboni anazaliwa na rovu. Baadhi ya mimosini humponyoka ng'ombe bila kuvunjwa, hasa anapolishwa lusina nyingi kwa ghafla, ndiyo maana mkia wake nao ulilegea. Mwalimu alipoelewa hivyo, alitaka siku hiyo hiyo kununua chumvi yenye madini joto. Bwana mifugo akamwambia haitasaidia sana. Tezi lililofungwa mlango halifunguki kwa kurundikiwa mali nje.

Inabaki habari ya mbuzi wa mzee jirani. Walikula lusina kila siku na hawakunyonyoka. Walidonoa, wakaondoka. Mbuzi anayechunga hula mti huu kidogo, ule kidogo, nyasi, magugu, matunda yaliyoanguka. Wala si lazima tumpe akili nyingi kuliko aliyonayo; kuchanganya kunamlinda hata akiwa hajui. Wasukuma wanaotunza ngitili, yale maeneo ya malisho yanayofungwa msimu wa mvua ili yafunguliwe kiangazi, huwaachia mifugo mgunga, nyasi na vichaka vya namna nyingi. Ng'ombe wa bandani amenyang'anywa uchaguzi huo. Anachagua mwenye panga. Mimi naona hili ndilo jambo linalosahaulika kuliko yote tunaposifu ufugaji wa ndani: ukimfungia mnyama, kazi ya ulimi wake unaichukua wewe, na huna ulimi wa ng'ombe.

Kuna sura moja ya kisa hiki iliyotokea kweli, mbali sana na Muheza na Korogwe, na ni nzuri mno kuiacha. Katika jimbo la Queensland, Australia, wafugaji waliopanda lusina walipata maradhi haya haya: nywele, rovu, kudumaa. Lakini Hawaii, ambako mti umejaa, mbuzi na ng'ombe waliushindilia bila kudhurika. Mtafiti Raymond Jones wa shirika la utafiti la Australia, CSIRO, aliyekuwa na kituo Townsville, aliiona tofauti hiyo na mwaka 1981 akaandika kwamba huenda siri imo tumboni: wanyama wa Hawaii wana vijidudu vinavyoweza kuivunja DHP yenyewe, na wa Australia hawana. Majimaji ya tumbo la mbuzi wa Hawaii yakachukuliwa, yakapitishwa kwenye ulinzi mkali wa karantini, wakapewa wanyama wa Australia. Wakapona, na waliochanganyika nao bandani wakaambukizwa uzima huo. Kijidudu kilipofahamika vizuri, mwaka 1992 kikaitwa Synergistes jonesii, kwa heshima ya Jones. Wafugaji wa Queensland wamekuwa wakiwanywesha ng'ombe wao dawa yenye vijidudu hivyo, na baadhi yao hunenepesha mifugo kwenye mashamba makubwa ya lusina.

Nimewahi kusikia kisa hiki kikisimuliwa kana kwamba kimemaliza tatizo. Hakikumaliza. Vijidudu vya aina hiyo vimepatikana baadaye katika nchi nyingi, lakini mara nyingi ni vichache, na mnyama ambaye hajazoea lusina hana jeshi la kutosha siku ya kwanza. Huwezi kujua kwa kumtazama usoni. Kinachobaki mikononi mwa mfugaji wa kawaida ni kipimo na taratibu: anza na kidogo, ongeza polepole kwa wiki kadhaa, na lusina isizidi theluthi ya chakula chote kikavu cha mnyama anayecheua. Kwa ng'ombe chotara wa kilo 400 hiyo ni kama kilo 10 za majani mabichi kwa siku, kinachobaki kiwe hasa nyasi. Pumba nazo ziwepo, kwa sababu vijidudu vya tumboni huhitaji nguvu ili vitumie protini. Bila wanga, protini nyingi huishia kwenye mkojo.

Mwalimu akaacha lusina yote kwa muda, kama alivyoelekezwa. Sumu hii ina rehema moja, haiweki kinyongo. Baada ya wiki kadhaa nywele zikaanza kuota, mate yakakauka, na punda akarudi kuwa na mkia wa kuonekana nao barabarani. Ndama hakurudi.

Hapo msomaji atadhani Mwalimu amekwisha kufunzwa. Alifunzwa juu ya lusina. Mtu mmoja akamwambia kaliandra, kichaka kingine cha malisho, haina mimosini, na kwamba wakulima wa Embu nchini Kenya wamepanda maelfu kwa maelfu kwenye kingo za makinga maji. Yote kweli. Watafiti wa huko walikadiria kwamba kilo 3 za kaliandra mbichi hushika nafasi ya kilo 1 ya chakula cha dukani cha ng'ombe wa maziwa, na kwamba vichaka 500 vyatosha ng'ombe mmoja mwaka mzima. Mwalimu akapanda vichaka 1,000 kwa ajili ya ng'ombe wawili. Safari hii aliuliza kizio. Kisha, kwa kuwa alikuwa amesoma mahali kwamba kukausha majani ya lusina hupunguza mimosini, akaikata kaliandra yote, akaianika juani siku tatu, akaijaza kwenye magunia. Ng'ombe wakaila shingo upande, na kinyesi kikatoka na chakula ambacho hakikusagika vizuri.

Kaliandra ina tanini, kile kinachofanya bibo la korosho liwe na ukakasi mdomoni. Njombe wamelima miwati miaka mingi kwa ajili ya gome lake lenye tanini ya kusindika ngozi, na kinachotendeka katika ngozi ndicho kinachotendeka tumboni: tanini hushikana na protini isiachane nayo. Ikiwa ya kadiri, humfaa ng'ombe, kwa kuwa hukinga protini isimalizwe na vijidudu katika tumbo la kwanza, ikafika mbele ambako mwili wenyewe utaichukua. Ikizidi, haiachii hata huko mbele, nayo inatoka kama ilivyoingia. Maabara bado itaandika asilimia 20 na zaidi, maana naitrojeni ipo, imekaa pale pale. Ushauri wa Embu ulikuwa kulisha kaliandra ikiwa mbichi, kwa sababu ikinyauka na kukauka usagaji wake hushuka. Halafu kuna gilirisidia, mti mwingine wa malisho, ambayo ng'ombe wengi huikataa kwa harufu ikiwa mbichi, na huikubali ikishinda imenyauka kivulini. Majani matatu, na kanuni ya moja hailifai jingine. Mwalimu aliichukua ya lusina akaitumia kwa kaliandra, kosa ambalo darasani angelipiga kalamu nyekundu.

Niseme pia jambo ambalo wazee wa pwani wanalikumbuka. Mwaka 1992 mdudu mdogo anayefyonza vichipukizi vya lusina, aliyekwisha kuzunguka Hawaii na Asia, alifika Kenya na Tanzania. Mashamba ya lusina yaliyokuwa fahari ya mafunzo na maonyesho yakanyauka ncha msimu baada ya msimu. Waliokuwa na mti huo peke yake walirudi sokoni kununua mashudu kwa bei yoyote. Waliokuwa na mchanganyiko walilalamika tu.

Banda la Mwalimu lipo, na siku hizi hori lake lina rangi mbalimbali: matete chini, lusina iliyokomaa kilo zilizopimwa, kaliandra mbichi siku kwa siku, pumba wakati wa kukamua, na mashudu kidogo anapoyamudu. Maziwa hayajafikia yale ya jedwali lake la kwanza, na hayatafikia. Daftari lake lina safu mpya upande wa kulia, ambamo anaandika kila jani ni la umri gani, bichi au kavu, na kwa mnyama yupi.

Wewe unayefuga fanya hivi wiki hii. Jaza kapu lako la majani, lipime, uandike kilo zake. Hesabu ni aina ngapi za majani zimo horini. Ikiwa ni moja, kata ya pili kabla ya jioni. Pitisha mkono kwenye mkia wa ng'ombe na chini ya taya lake. Nywele zikibaki kiganjani, au shingo ikiwa na uvimbe, ondoa lusina siku hiyo hiyo na umwite bwana mifugo kabla ya kununua dawa ya minyoo. Na mabaki ya lusina usimpe punda, nguruwe wala sungura.